Usihame Jumamosi Hii

Mpwa wangu mpendwa,

Hapa Tanga mguu wa bibi yako umepungua uvimbe, na juzi ameanza tena kwenda sokoni mwenyewe. Anakuulizia kila siku.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi mno, maana kuutoa msimbo wa programu yenu ya kukagua tahajia kwenye huduma ya GitHub na kuupeleka Codeberg ni jambo ambalo nimelitamani kwa muda mrefu bila kukuambia. Mradi ni wenu, si wangu. Mara ya pili nikaingiwa na wasiwasi pale uliposema utafanya kazi hiyo Jumamosi hii usiku, peke yako, ili Jumapili wenzako wakiamka wakute mambo yamekwisha. Hilo nakuomba usilifanye. Hama, mwanangu, lakini usihame hivyo. Nitakueleza kwa urefu, kwa kuwa nakujua: amri haikusogezi hata hatua moja, lakini ukipewa sababu unakaa chini na kuzipima.

Nianze na msimbo wenyewe, kwa sababu huo ndio mwepesi kuuhamisha, na wepesi wake una historia. Kuanzia mwaka 2002 msimbo wa Linux ulitunzwa kwa BitKeeper, programu ya kampuni. Wajenzi wa Linux waliruhusiwa kuitumia bure, ila kwa masharti ya kampuni. Mapema 2005, baada ya mwandishi wa programu Andrew Tridgell kuchunguza jinsi programu hiyo inavyozungumza na seva yake ili aandike programu huria ya kuisoma, kampuni ikatangaza kwamba ruhusa ile ya bure inaondolewa. Watu waliokuwa wakijenga mfumo huo huria wakajikuta hawana chombo cha kutunzia kazi yao. Aprili mwaka huo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaanza kuandika Git, programu ya kutunzia historia ya msimbo, ikafika mahali pa kujitunza yenyewe ndani ya siku chache, na Juni toleo la Linux 2.6.12 likatoka likiwa limetunzwa kwa Git.

Mtu aliyekwisha kupokonywa chombo namna hiyo hakutaka kupokonywa tena. Na katika Git kila anayenakili hazina ya msimbo kwa kawaida anapata historia yote, tangu komiti ya kwanza, yaani badiliko la kwanza lililohifadhiwa. Kila komiti ina jina linalokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake na komiti zilizotangulia, hivyo huwezi kubadilisha herufi moja ya miaka mitatu iliyopita bila majina yote yanayofuata kubadilika. Mwenzako wa Bujumbura anayo programu yenu nzima kwenye kompyuta yake, na yule wa Kisumu vilevile. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ikalegea Tanzania na Kenya? Ninyi mliendelea kukomiti kila mtu kwake, na mtandao uliporudi mkaunganisha kazi. Kuhamisha hazina ya namna hiyo ni amri mbili tatu, na wala hakuna wa kumwomba ruhusa.

Lakini fungua ukurasa wenu sasa hivi utazame ni mambo mangapi yaliyopo pale na hayamo ndani ya Git. Ile tikiti ndefu, yaani ukurasa wa mjadala, ya viambishi vya yambwa, mliyobishana hadi mwalimu wa Zanzibar akaleta mifano yake na ubishi ukaisha, imo kwenye hifadhidata ya kampuni. Maombi ya kuunganisha, pamoja na maoni mliyoandikiana mstari kwa mstari, yamo humo humo. Vivyo hivyo lebo, mipango ya matoleo, matokeo ya majaribio ya kiotomatiki, na orodha ya watu wanaofuatilia mradi. Komiti inasema mlibadilisha nini. Kwa nini mlibadilisha, na nani alipinga, na alikubali kwa hoja ipi, hayo yote yako nje ya msimbo. Mtu atakayeirithi kazi hii kutoka kwenu atahitaji sababu hizo kuliko anavyohitaji faili.

Hili limewakuta wengi kabla yenu. SourceForge ilifunguliwa mwaka 1999 na kampuni ya VA Linux, na kwa miaka mingi ndiko programu huria zilikokaa. Mimi mwenyewe programu nyingi nilizojifunzia nilizipakua huko. Mwaka 2013 wenye huduma wakaanza mpango wa kufungasha programu nyingine za matangazo pamoja na zile watu walizokuja kuzipakua. Mradi wa GIMP, wale wa programu ya kuhariri picha, wakaondoka Novemba mwaka huo. Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2015 waligundua kwamba ukurasa wa GIMP ya Windows uliobaki SourceForge umechukuliwa na wenye huduma wenyewe, na anayepakua anapewa kisakinishi kilichofungashwa matangazo, kwa jina lile lile la GIMP. Fikiria uchungu wa mtu aliyejitolea miaka yake kwa kazi ile. Baadaye SourceForge ilibadilisha wamiliki na mpango ule ukafutwa, na ni haki kulisema hilo. Ila wakati hayo yanatokea, wajenzi wa GIMP hawakuwa na kura wala kiti popote.

Google Code ilifunguliwa 2006. Machi 2015 ikatangazwa inafungwa, na Januari 2016 ikafungwa. Gitorious nayo ilinunuliwa na GitLab mwaka 2015, ikazimwa mwaka huo huo.

GitHub ilianza mwaka 2008, na sitaki uichukie. Iliwafundisha watu wa kizazi chako kusoma msimbo wa wengine na kuuchangia bila kuogopa. Bila hiyo wewe na yule kijana wa Kisumu msingefahamiana. Mwaka 2018 Microsoft iliinunua kwa dola bilioni 7.5, na tangu hapo maamuzi yake yamo mikononi mwa kampuni kubwa ya Marekani inayoongozwa na sheria za Marekani na maslahi ya wenye hisa. Julai 2019 waandishi wa programu waliokuwa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamezuiwa huduma kadhaa kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Wale wa Iran walifunguliwa Januari 2021, baada ya kampuni kupata leseni ya serikali. Oktoba 2020 hazina ya youtube-dl iliondolewa kwa madai ya chama cha kampuni za muziki za Marekani, ikarudishwa Novemba baada ya kelele na mawakili.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa xz. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya programu hiyo ya kubana faili, inayotumika karibu kila mahali penye Linux. Dunia nzima ya usalama wa kompyuta ikakimbilia kwenye hazina yake kuona nani aliandika nini na lini. GitHub ikaifunga hazina. Naelewa walitaka kuwakinga watumiaji, na baadaye waliifungua. Lakini saa ile ile ambapo ushahidi ulihitajika kuliko wakati wowote, mijadala na maombi ya kuunganisha hayakuonekana kwa wachunguzi, huku msimbo wenyewe ukiwa kwenye kompyuta za watu kila kona. Hapo unaona wazi kipi mlichonacho na kipi mmeazimwa.

Sasa wewe umenitajia vitufe vya akili mnemba vinavyoibuka kila ukurasa, na kwamba mmoja wenu amekasirika sana kuona kazi yake imetumika kufundishia Copilot, akili mnemba ya GitHub ya kuandika msimbo, tangu 2021. Hasira yake ina msingi. Software Freedom Conservancy, asasi ya Marekani inayotetea programu huria, iliwaita watu waondoke GitHub mwaka 2022, na hoja yake kubwa ilikuwa hiyo. Ila mwambie ukweli mapema: msimbo ulio wazi unasomwa na roboti popote ulipo. Codeberg yenyewe ilisumbuliwa sana na roboti hizo mwaka 2025, ikaweka kinga iitwayo Anubis, inayoilazimisha kompyuta ya mgeni kufanya hesabu ndogo kabla ya kufunguliwa ukurasa. Kufikia Agosti mwaka huo baadhi ya roboti zilikuwa zimejifunza kuifanya hesabu hiyo. Akihama akitarajia kujificha, atavunjika moyo. Kinachobadilika ni nani anakaa upande wa pili wa meza.

Na upande huo ni Codeberg e.V., chama kisicho cha faida kilichoandikishwa Berlin, Ujerumani, mwaka 2018. Huduma yenyewe ilifunguliwa Januari 2019. Babu yako alikuwa mwanachama wa ushirika wa kahawa kule Usambara, na bei isipomwingia akilini alisimama mkutanoni akamwuliza mhasibu mbele ya watu. Codeberg ni chama cha aina hiyo. Wanachama wanalipa ada, wanafanya mkutano mkuu, wanachagua viongozi na kupiga kura. Si lazima uwe mwanachama ndipo ufungue akaunti. Akaunti ni bure kwa kila mwenye mradi huria. Sharti lake kubwa ni leseni: programu iwe huria kweli. Yenu iko chini ya leseni huria ya GPL, kwa hiyo hapo hamna tatizo.

Programu wanayoiendeshea huduma hiyo, Forgejo, nayo ina kisa kinachofaa ukijue. Mwaka 2016 wachangiaji wa programu iitwayo Gogs walijitenga wakaanzisha Gitea, kwa kuwa Gogs ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Codeberg ikajengwa juu ya Gitea. Oktoba 2022 ikatangazwa kwamba jina la Gitea na anwani zake za mtandao viko chini ya kampuni ya biashara, na wachangiaji wengi walilijua hilo kwa tangazo kama watu baki. Wakaandika barua ya wazi kuomba mali hiyo irudi kwa jumuiya. Hawakuridhika na majibu, na Desemba mwaka huo wakaanzisha Forgejo, Codeberg ikiwa mlezi wake. Mwanzoni Forgejo ilifuata kila badiliko la Gitea. Mwaka 2024 wakaachana kabisa, na kuanzia toleo la 9 Forgejo iko chini ya GPL, ili asiweze mtu kuifunga. Nikikisoma kisa hiki naona kwamba watu hao wameumia mara mbili kwa jambo lile lile la kuamuliwa bila kuulizwa, na wamejenga taratibu zao wakilikumbuka.

Na hapo ndipo ninaporudi kwenye Jumamosi yako. Unataka kuwatoa wenzako mahali ambapo kampuni huamua bila kuwauliza, halafu wewe mwenyewe uwaamulie usiku wamelala. Mwalimu wa Zanzibar atafungua ukurasa Jumapili akute umefungwa. Yule kijana wa Kisumu, ambaye anatafuta kazi na ameweka kiungo cha GitHub kwenye kila barua ya maombi, atakuta miaka yake ya uchangiaji imehamishwa bila neno. Watakusamehe kwa kuwa wanakupenda, lakini mmoja wao hatafungua akaunti mpya. Hatasema. Ataacha tu kuja, nawe utagundua baada ya miezi.

Kuhama vizuri kunawezekana: waangalie GNU Guix. Huu ni mradi wa kusimamia programu kwenye Linux, ulioanza mwaka 2012, na kwa zaidi ya muongo kazi yake ilikaa kwenye Savannah, seva ya mradi wa GNU. Viraka vya msimbo vililetwa kwa barua pepe, tikiti zikawekwa kwenye mfumo wa zamani uitwao Debbugs. Wapya wengi walishindwa na utaratibu huo, wazee wengi waliupenda. Hawakupigana wala hakuna aliyehamisha usiku. Waliweka kwanza utaratibu wa kufanya maamuzi: anayetaka badiliko kubwa anaandika pendekezo, linajadiliwa hadharani kwa muda uliopangwa, linarekebishwa, na wanachama wa timu za mradi wanasema kama wanaunga mkono, wanakubali, au wanapinga. Pendekezo la kuhamia Codeberg likapita humo, na Mei 2025 wakahama. Anwani ya zamani hawakuikata. Waliahidi kuiweka kama nakala angalau mwaka mzima, ili kompyuta za watu zilizozoea kuvuta msimbo kutoka kule zisikwame. Na kwa kuwa Guix hukagua sahihi ya kila komiti kabla ya kuikubali, mtumiaji anavuta kutoka nakala yoyote bila hofu ya kuchezewa.

Zig walifuata njia nyingine. Hii ni lugha ya programu inayoongozwa na Andrew Kelley, na Novemba 2025 alitangaza kwamba mradi unaondoka GitHub kwenda Codeberg. Moja ya sababu zake kubwa ilikuwa mfumo wa majaribio wa GitHub ambao, kwa maelezo yake, ulikuwa umeharibika na haukuangaliwa. Maneno ya tangazo lake yalikuwa makali, mengine makali kupita nilivyopenda. Lakini jambo moja walilifanya kwa akili sana: maelfu ya tikiti za zamani hawakuzihamisha. Waliziacha zilipo zisomwe, na tikiti mpya za Codeberg wakazianzisha kwenye namba 30000, ili namba iliyoandikwa ndani ya komiti ya zamani isigongane na mpya.

Kwenu nashauri namna ya kuamua muichukue kwa Guix. Kuhusu tikiti msiwaige Zig, kwa sababu zenu si nyingi kiasi hicho na nyingi zina mjadala wa sarufi ambao mtaurudia. Forgejo ina chombo cha kuingiza hazina kutoka GitHub. Unakipa tokeni ya kusomea, nacho kinaleta msimbo, tikiti, maombi ya kuunganisha, lebo, matoleo na kurasa za maelezo, na namba za tikiti zinabaki zile zile. Maoni ya wenzako yatakuja na majina yao ya zamani kama maandishi, hayataunganishwa yenyewe na akaunti zao mpya. Waeleze hilo kabla, wasije wakadhani umefuta jina la mtu. Ukimaliza tu, ifute ile tokeni. Tokeni iliyosahaulika ni ufunguo uliobaki kwenye kitasa.

Fanyeni jaribio kwanza. Ingiza hazina kwenye akaunti yako binafsi, usitangaze, mpitie pamoja tikiti ndefu, picha zilizobandikwa ndani yake, na majedwali. Picha zina tabia ya kubaki zikivutwa kutoka seva ya zamani. Za muhimu zipakueni mkazihifadhi.

Majaribio ya kiotomatiki ndiyo yatakayowasumbua. Mfumo wa Forgejo unafanana na wa GitHub na faili zake nyingi zitakubali baada ya marekebisho, lakini si zote. Kubwa zaidi ni mashine zenyewe. GitHub huipa miradi huria mashine za Windows na macOS bila malipo. Chama cha kujitolea hakina uwezo huo, na Codeberg wanaomba wazi kwamba watu watumie mashine zao za majaribio kwa kiasi. Watumiaji wenu wengi, makarani na walimu, wako kwenye Windows. Kwa hiyo ama mmoja wenu atoe kompyuta ya kuendeshea majaribio ya Windows, ama muache jaribio hilo moja likiendelea kule GitHub juu ya nakala. Nyie wenyewe amueni. Mimi singeona aibu kuliacha kule kwa muda. Mwalimu wa Korogwe anayesahihisha mitihani anastahili programu inayofanya kazi.

Hazina ya GitHub usiifute kamwe. Usilifute wala kulibadili jina la akaunti, kwa sababu jina likiachwa wazi mtu mwingine anaweza kulichukua, na viungo vya zamani vinaweza kumwelekea yeye na msimbo atakaoupenda. Watu wamewahi kushambuliwa hivyo. Iache kama nakala inayosasishwa kutoka Codeberg, funga sehemu ya tikiti, na juu kabisa ya maelezo andikeni kwa Kiswahili na Kiingereza mahali mlipohamia. Hili ndilo litakalomsaidia kijana wa Kisumu pia: komiti zenye anwani ya barua pepe aliyoisajili GitHub kwa kawaida huendelea kuonekana kwenye ukurasa wake, na waajiri wataendelea kuona kazi yake. Mwambie hivyo kabla hajauliza. Kijana asiye na kazi hapaswi kulipia msimamo wetu kuhusu programu huria.

Kisha viungo: maelezo ya kusakinisha, ukurasa wa nyongeza yenu ya LibreOffice, anwani iliyoandikwa ndani ya msimbo wenyewe. Hiyo ni kazi ya jioni moja ya watu wawili.

Nisikufiche udhaifu wa huko unakokwenda. Codeberg inaendeshwa na watu wachache, wengi wao wa kujitolea, na iko siku itazimika wakati mnataka kutoa toleo. Februari 2025 watu wenye chuki walishambulia miradi iliyoko pale kwa matusi na ujumbe wa kero uliofika hadi kwenye barua pepe za watumiaji. Waliokuwa wakisafisha uchafu huo walikuwa watu wenye kazi zao za mchana. Seva ikigoma, hakuna mkataba wa kukulipa fidia. Kwa hiyo andaeni nakala rejeshi yenu, si ya msimbo tu bali ya tikiti pia. Forgejo inaruhusu kuzichota kwa programu, na mwenye kompyuta isiyozimwa azichote kila wiki.

Lakini kuna neema moja ambayo kwenu ninyi ni kubwa. Codeberg wana huduma ya tafsiri inayotumia Weblate, ambapo mtu anatafsiri maneno ya programu kwenye kivinjari bila kugusa Git hata kidogo. Mwalimu wa Zanzibar, ambaye kila mara hukutumia masahihisho kwa WhatsApp nawe ukayaingiza kwa jina lako, ataweza kuyaandika mwenyewe na jina lake likabaki kwenye komiti. Miaka yote hii sarufi ya programu ile imesimama juu ya elimu yake, na hazina haimtaji. Hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Mkishafika, chukueni uanachama. Si lazima nyote. Mmoja anatosha kupeleka sauti yenu mkutanoni. Ada inalipwa kwa euro, na mimi nitakuchangia ya mwaka wa kwanza. Na asiyeweza pesa anaweza mikono: maneno ya Forgejo yenyewe hutafsiriwa na watu wa kujitolea, na wewe na mwalimu mnaweza kukaa nayo kwa Kiswahili chenu kizuri. Siku wanafunzi wa chuo cha hapa watakapotaka seva yao wenyewe ya msimbo, wataisakinisha Forgejo hiyo hiyo bila kumwomba mtu, na wataikuta inazungumza nao. Nakuomba ulitilie maanani, maana naliona kubwa kuliko huko kuhama kwenyewe.

Basi Jumamosi hii fanya hivi. Toa kwanza lile toleo mlilokwisha kulikamilisha, pale pale lilipo, watumiaji walipate. Halafu andika pendekezo la ukurasa mmoja: kwa nini tuhame, tuhamie wapi, nini kitapotea, nani atafanya nini. Andika kitakachopotea bila kukipunguza. Liweke kama tikiti wazi, uwape wiki tatu, na yule aliyekasirika mwombe aandike hoja zake mwenyewe, tena kwa upole. Mwalimu mpigie simu. Yeye tikiti hazisomi. Wa Bujumbura muulize kama Codeberg inafunguka vizuri kwake, maana hakuna aliyejaribu. Akitokea wa kupinga, jibu hoja yake kabla ya kuhesabu kura. Na wakisema tusihame mwaka huu, msihame mwaka huu. Chukueni nakala rejeshi ya tikiti, mkalijadili tena suala hili mwakani.

Nitumie rasimu ya pendekezo kabla hujaliweka, nitaisoma usiku huo huo. Wakikubali, niambie siku. Nitakaa kwenye kompyuta tupitie tikiti pamoja, mimi nianze na za zamani wewe uanze na mpya. Mama yako mwambie nazi zake nimempa dereva wa basi la Ijumaa asubuhi, azifuate stendi kabla ya saa kumi.

Mjomba wako